Nairobi: Vitanda viwili, mtu mmoja

MSOMAJI wangu, hebu jibu kwa haki ya Mungu: umewahi kukaa kwenye meza ya watu kumi, sahani imejaa pilau la mkutano, halafu kuanzia kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho asitokee hata mmoja wa kukusemesha? Kama hujawahi, usicheke. Mwenzenu yalinikuta Nairobi, Novemba 2023, na mpaka leo nikisikia neno "semina" tumbo linanicheza.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika hospitali moja ya huku kwetu Singida. Ndiyo yule mama wa dirishani anayekuuliza "una kadi?" wakati wewe mguu umevimba na unachotaka ni daktari. Mnatuchukia, tunajua. Lakini siku faili lako likipotea ndipo mnapotukumbuka kwa majina yote.

Kwenye chumba chetu cha mafaili tulikuwa wawili. Mwenzangu nilimkuta kazini, kanizidi miaka tisa, nami namwita da' mkubwa. Kwa miaka 14 kila semina tulikwenda pamoja: Dodoma, Morogoro, Arusha, hata ile ya Tanga ambako maji ya kuoga yalikatika siku tatu. Tunapangiwa chumba kimoja cha vitanda viwili. Yeye siku zote anachukua cha dirishani, manake anasema asipoona nje anaota amefukiwa. Mimi nalala cha mlangoni. Usiku tunakula chipsi kwenye karatasi huku tunawasengenya watoa mada. Asubuhi ya kuondoka tunagawana vile visabuni vidogo, mmoja wake mmoja wangu. Si wizi huo, vimewekwa kwa ajili yetu!

Aprili 2023 kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu kama redio yenye betri zinazokwisha. Miezi mitano baadaye ndipo barua ikaja kutoka Nairobi kwamba muhtasari tuliokuwa tumeutuma mwanzoni mwa mwaka umekubaliwa, twende tukautoe mbele za watu. Ofisi ikasema nauli na posho ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Usipokwenda, nafasi wanapewa watu wa uhasibu.

Nikaenda kwake kumweleza, nikitegemea atasema basi tuachane nayo. Alinitazama, akakusanya nguvu, akasema maneno mawili tu: "Nenda. Kaseme."

Hapo sasa kasheshe ikaanza. Mume wangu ni mtu muungwana, lakini aliuliza mara tatu kwa siku mbili: "Kwa hiyo unakwenda peke yako?" Mama mkwe akauliza. Jirani yangu, ambaye mimi sijawahi kumuuliza chochote kuhusu safari zake za Kahama, naye akauliza, tena huku anakunja mdomo. Mwanamke wa miaka 47, watoto wanne, anakwenda Nairobi na kulala hotelini peke yake! Ungedhani nimetangaza kwenda kupigana ndondi.

Nilitoka Singida kwa basi mpaka Arusha, nikalala kwa mdogo wangu, asubuhi ya Jumatatu Novemba 13 nikapanda kibasi cha kwenda Nairobi. Ukiuacha Mlima Longido muda si mrefu uko Namanga. Pale mpakani siku hizi wamerahisisha, unakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Nje ndiyo kuna mtihani. Akina mama wa Kimaasai wanakuvalisha bangili kabla hujasema hutaki, na vijana wa kubadili fedha wanahesabu noti haraka kuliko macho. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 16 za kwetu. Mimi nilibadili dukani, nikahesabu mwenyewe mara mbili, huku dereva ananipigia honi.

Kijana aliyekaa jirani yangu alikuwa na maneno mengi. Akauliza ninakwenda wapi. Mkutanoni. Na nani? Peke yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi ya kushika mkoba Nairobi. Ushike mbele, siyo begani. Simu usiitoe barabarani. Mtu akikwambia umeangusha hela usigeuke. Kufika Kajiado nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakaa chumbani siku zote tatu kama mfungwa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, tambarare yote ya Kitengela maji yamesimama. Ila barabarani kulikuwa kweupe, hakuna foleni, abiria wote wakashangaa mpaka dereva akatukumbusha: Serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza siku hiyo mapumziko ya taifa, watu wakapande miti. Juu yetu ilipita ile barabara ya angani iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imesimama kwenye nguzo kama jamvi lililoanikwa. Dereva wetu hakuthubutu kuipanda, manake kule kunalipiwa. Karibu na Uwanja wa Nyayo nikaona korongo wale wakubwa wenye upara, wamejipanga juu ya migunga katikati ya jiji, wanatutazama kama wajumbe wa kamati ya nidhamu.

Hoteli niliyopangiwa ilikuwa mitaa ya nyuma ya Moi Avenue, siyo ya kifahari, siyo ya kutisha. Dada wa mapokezi akafungua daftari.

"Karibu madam. Uko pekee yako?"

"Niko peke yangu."

"Hakuna mwenye anakuja baadaye?"

"Hakuna."

Akanipa ufunguo. Ghorofa ya nne. Nafungua mlango, nawasha taa, lo! Vitanda viwili. Kimoja mlangoni, kimoja dirishani, vimetandikwa sawasawa, juu ya kila kimoja taulo na kisabuni. Nikasimama pale na mzigo wangu mkononi nisijue pa kuuweka. Mwisho nikauweka juu ya kile cha dirishani, nikalala cha mlangoni. Chakula cha usiku sikushuka, niliona haya kukaa mezani mwenyewe. Nikala karanga na maandazi niliyofungiwa na mdogo wangu Arusha, taa nimezima, nasikiliza matatu zinavyopiga muziki chini mtaani mpaka usiku wa manane.

Mkutano wenyewe ulikuwa kwenye lile jengo la Kenyatta, KICC, ambalo hata kama hujafika Nairobi umeliona kwenye noti au kalenda. Mnara wa ghorofa 28, na pembeni yake ukumbi wenye paa lililochongoka kama msonge uliofungwa. Lilijengwa kuanzia mwaka 1967, mwanzoni likikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU, halafu likakuzwa, manake mwaka 1973 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuja kufanyia hapo mkutano wao wa mwaka. Chama kililishikilia mpaka Serikali ilipolichukua mwaka 2003. Uani ameketi Mzee Kenyatta wa shaba, na wapiga picha wamemzunguka wakikuita, "Mum, kuja nikupige moja na Mzee!" Nikakataa. Picha ya mtu mmoja na sanamu, nikamwonyeshe nani?

Pale mlangoni nikavishwa kitambulisho na kupewa kabrasha lenye ratiba. Nikatafuta siku ya tatu, nikaona mada yetu, na chini yake jina. Moja. La kwangu. Wetu ulikuwa muhtasari wa majina mawili, la kwanza likiwa lake, manake wazo lilikuwa lake. Nikamfuata kijana wa sekretarieti, akapekua kompyuta, akaniambia kwa upole kwamba wameandika washiriki waliothibitisha kufika. Asiyefika ameondolewa. Akaona amenieleza vizuri kabisa, akaniitia anayefuata kwenye foleni.

Sasa niwaeleze hilo wazo, maana bila hilo hamtaona kilichokuwa kinanikaba koo.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na wagonjwa wawili, wanawake, majina matatu yanafanana herufi kwa herufi, vijiji tofauti. Kwetu hilo si jambo la ajabu, jina la babu linagawiwa ukoo mzima. Siku moja faili la mmoja lilikuwa limerudishwa mahali pa mwingine. Aliyefika wodini alikuwa na mzio wa penisilini, na faili lililopanda naye halikusema hivyo. Sindano ilikuwa imeshavutwa. Nesi, Mungu ambariki, akauliza tu kwa mazoea, "Mama, kuna dawa inayokudhuru?" Mama akasema ipo. Ndivyo ilivyoishia hivyo.

Da' mkubwa siku hiyo hakula. Kesho yake alikwenda dukani kwa hela yake akanunua tepe za rangi. Akasema kila faili tulibandike kwa namba yake ya mwisho: moja nyekundu, mbili bluu, tatu njano, na kuendelea. Kufika sita rangi za dukani zikaisha, ndipo akaanza kubandika mbili mbili, nyekundu na bluu, bluu na njano. Kazi hiyo tuliifanya miezi minne, baada ya saa za kazi. Ilipokwisha, rafu ya moja ilikuwa nyekundu tupu, na faili la njano likijipachika humo unaliona toka mlangoni kama kidonda. Baadaye tulikuja kusikia kwamba hospitali za nje wana utaratibu wa namna hiyo miaka mingi. Sawa. Da' mkubwa hakuusoma popote, aliuwaza kwa sababu ya ile sindano.

Tuendelee. Siku ya kwanza ya mkutano, msomaji, nilijifunza kuzuga. Saa nne wakati wa chai watu wanajikusanya kwa nchi zao na vikundi vyao, wanakumbatiana, "Hatujaonana toka Kigali!" Wewe umesimama na kikombe. Ukimaliza chai utakuwa umesimama bila kikombe, ambayo ni mbaya zaidi, kwa hiyo unakunywa kidogo kidogo kama dawa. Nilitoa simu nikajifanya nasoma ujumbe mzito. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu ukiniambia karibu Kenya. Niliusoma mara sita. Baadaye nikagundua ukisimama karibu na meza ya sambusa (wao wanaziita samosa) unaonekana una shughuli, na anayekuja kuchota lazima akusalimie. Hapo nilipata marafiki wa dakika moja moja wapatao kumi.

Mada zenyewe? Kompyuta, kompyuta, kompyuta. Kila anayepanda anaonyesha ukutani picha za mitambo, mgonjwa anaweka kidole na historia yake yote inatokea. Mimi mkobani nina mafaili matatu ya mfano na vipande vya tepe. Kadiri siku ilivyokwenda ndivyo mkoba ulivyozidi kuwa mzito. Niliwaza jinsi nitakavyosimama mbele ya watu hawa na kuwaonyesha tepe za kubandikia maboksi. Mezani mchana ndipo lilinikuta lile la pilau niliyowaambia.

Jioni nilirudi hotelini, nikatazama kitanda cha dirishani na begi langu limelala juu yake, nikaona humu ndani nitalia. Njaa nayo inauma. Kuku wa hotelini alikuwa shilingi 1,400 zao, na posho ile ilikuwa na kazi nyingine: kijana wangu alikuwa anaingia kidato cha tano na godoro hana. Nikasema potelea mbali. Nikaweka hela ya chakula kwenye soksi, mkoba nikauacha, nikashuka.

Moi Avenue saa kumi na mbili jioni ni mto wa watu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi, jina lenyewe ni la Kimaasai, maji baridi, na mpaka leo watu wake wanatembea kana kwamba treni inawaacha. Nikajiachia nichukuliwe. Nikampita Tom Mboya kwenye sanamu yake, hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Nikaipita ile hoteli ya mviringo ya Hilton, imefungwa tangu mwisho wa mwaka 2022. Mbele yake nikaona jengo la zamani lenye nguzo kubwa, na ukutani limeandikwa kwamba ni Nyaraka za Taifa. Nikacheka mwenyewe barabarani. Jiji zima, miguu yangu imenileta kwenye mafaili!

Nje ya jengo hilo walisimama watu wengi, wamejipanga ukutani na kwenye kingo, hawaendi popote. Nikasimama nao. Mama mmoja anayechoma mahindi pale jirani akanitazama mara mbili, tatu.

"Mathe, unangoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Hapa watu hungojeana. Mtu akikuambia tupatane tao, anakuambia tupatane Archives."

"Basi mimi nasimama tu."

Akafikiri kidogo. "Simama tu. Hakuna mtu anajua."

Mimi maneno yale yaliniingia. Kweli bwana, hakuna mtu aliyejua! Mamia ya watu pale, kila mmoja akinitazama anaona mtu anayengoja mwenzake. Nikanunua hindi, nikala nimesimama, nikatazama wanaokutana. Vijana wanagongana ngumi, wapenzi wanaoneana haya, mzee amempokea binti yake mwenye sanduku. Nilikaa pale karibu saa nzima na sikuona aibu hata mara moja. Nilikuwa sijapata kukaa hivyo toka nizaliwe. Nyumbani ukisimama dakika tano tu mtu anakuuliza una nini.

Usiku huo nilikula kwenye kihoteli cha uchochoroni. Ilinibidi kwanza nichekwe. Nilimwambia kijana, "Naomba ugali na sukuma." Akageukia wenzake, akanigeukia mimi: "Mum, unaomba ama unanunua?" Meza nzima ikacheka, akiwemo mzee mmoja aliyesema, "Huyo ni wa Tanzania, wacha aombe, wao ndio wako na adabu." Nikasogezewa benchi. Ugali wao mgumu, unaweza kujengea, lakini sukuma ilipikwa vizuri na yai juu, yote shilingi 130. Nikaagiza chai, ikaja na maziwa bila kuulizwa, maana chai kwao ni hiyo. Yule mzee akataka kujua bei ya alizeti Singida. Nikamweleza. Tulizungumza alizeti mpaka wakaanza kuinua viti.

Siku ya pili nitakiri dhambi. Baada ya chakula cha mchana sikurudi ukumbini. Nilikwenda kwenye lile jengo la nyaraka, nikalipa kiingilio, nikaingia. Zamani lilikuwa benki ya Kihindi, dari iko juu, sauti za mtaani zinabaki nje. Ukumbi wa chini umejaa mali alizokusanya Joseph Murumbi, yule aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966 kwa miezi michache kisha akaachia ngazi. Baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wetu, hawezi kuona kitu cha zamani kinapotea. Vinyago, ngao, vigoda, ngoma, nguo, stempu, vitabu kwa maelfu, kutoka kila pembe ya Afrika. Mkusanyo wake aliuuza kwa Serikali ya nchi yake ili usitoke nje. Nilizunguka polepole. Kilichonishika zaidi hakikuwa kinyago chochote, ni vile vikaratasi. Kila kitu kina kikaratasi chake: nini, kutoka wapi. Mtu alikaa akaandika. Mtu ambaye mimi sitamjua, mwandiko wake ndiyo sababu kigoda kile kinaitwa kigoda cha mahali fulani na si kuni.

Nilimpigia simu da' mkubwa jioni, nimesimama palepale Archives na wanaongoja. Binti yake akamwekea sikioni.

"Umekula… nini?" Hilo ndilo la kwanza.

Nikamweleza ugali wa kujengea, akacheka ile sauti yake mpya. Nikamweleza yale mengine: kwamba jina lake halimo kwenye ratiba, kwamba wenzetu wote ni kompyuta tupu, kwamba mimi naona tepe zetu zibaki mkobani, nitasema naumwa. Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Kwao… umeme… haukatiki?" akauliza.

Msomaji, nilibaki nimeduwaa. Mwaka ule kwetu mgao ulikuwa umetushika, siku nyingine kompyuta ya mapokezi tunaifunika kitambaa kama maiti. Na hao Kenya wenyewe, Jumamosi iliyotangulia mkutano, Novemba 11, karibu nchi nzima ilikuwa gizani! Watu walikuwa bado wanalalamikia hilo kwenye chai. Da' mkubwa kitandani Singida kaliona, mimi niliyesimama katikati ya Nairobi sikuliona.

Alhamisi zamu yangu ilikuwa kabla ya chakula cha mchana, saa mbaya kuliko zote. Waliotangulia walikuwa wamekula muda, mwenyekiti akaniambia dakika 15 zimekuwa saba, nikimbie. Nikapanda. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa Kiingereza na nilikuwa nimekikariri. Nikafungua mdomo, sentensi ya kwanza ikatoka, ya pili ikanikwama kooni. Ukumbi mzima unatazama. Nikaona karatasi inatetemeka, nikaiweka chini.

Nikasema kwa Kiswahili, "Kwanza naomba nitaje jina la mwenye kazi hii." Nikalitaja, yote matatu, kama tunavyoandika kwenye faili. Nikasema ni mgonjwa, ndiyo maana hayumo kwenye ratiba, lakini wazo hili ni lake na mimi nilikuwa nakata tepe tu. Hapo dakika moja nzima ilikuwa imekwenda. Mwenyekiti akashika kalamu yake.

Basi nikatoa mafaili nikayainua. Nikawaeleza wale akina mama wawili wa jina moja, na sindano. Nikawauliza, "Jumamosi iliyopita umeme ulipokatika, nani hapa alipata faili la mgonjwa wake?" Kukawa na mguno, halafu kicheko, kile cha watu waliokamatwa. Kwa wasiojua Kiswahili dada mmoja wa Uganda alikuwa ananong'ona akiwatafsiria wa jirani yake. Kengele ikapigwa kabla sijafika kwenye rangi za mbili mbili.

Usidhani walisimama kunishangilia, la. Walipiga makofi ya kawaida na wengi walikuwa wanawaza kuku. Lakini mtu mmoja mrefu, Mkongo wa Bukavu, akaja akaomba kulishika faili. Akaligeuza, akapiga picha upande wa tepe, akataka kujua gundi yake kama inastahimili joto. Nikamwambia ukweli, Oktoba zinabanduka. Akauliza, "Na ule mama mwenye wazo, niko naweza kumuona?"

"Hayupo. Nimekuja peke yangu."

Mara ya kwanza katika safari nzima neno lile lilitoka bila kunichoma. Akaniomba nimwandikie jina lake kwenye daftari, na nikasimamia herufi zote ziwe sahihi.

Jioni nilipita tena kwa mama wa mahindi kumuaga. Hakunikumbuka, au alijifanya. Akaniuzia hindi kwa bei ileile.

Asubuhi ya kuondoka nilitandika vitanda vyote viwili, ingawa kimoja hakikulaliwa. Nikachukua visabuni vyote viwili. Dada wa mapokezi akauliza kama nimesahau kitu chumbani, nikamwambia sina cha kusahau. Namanga safari hii nilinunua bangili, moja kwa ajili ya mke wa mtu niliyemfahamu alizeti zamani, nyingine ya jirani yangu wa safari za Kahama, apate la kusema. Posho iliyobaki ilitosha godoro na shuka.

Jumapili nilikwenda kwa da' mkubwa. Nikamweleza kila kitu, kuanzia korongo wenye upara mpaka Mkongo wa gundi. Alitaka nirudie pale nilipolitaja jina lake. Nikarudia. Akataka tena. Kisha nikatoa kisabuni nikakiweka kwenye mkono wake wa kushoto, ule unaofanya kazi. Akakinusa muda mrefu.

"Kitanda… cha pili," akasema. "Upande gani?"

"Cha dirishani."

"Ulikilalia?"

"Nikilalie vipi, da' mkubwa, na chenyewe ni chako?"

Akacheka mdomo ukaenda upande mmoja, akakisukumia kile kisabuni chini ya mto wake.